Tiki Inakaa Wapi? Mti wa Skrini na Data Zilizo Nyuma Yake

Ukifungua dirisha la mafaili kwenye kompyuta, upande wa kushoto unakutana na safu ya majina yenye vialama pembeni: hapa pembetatu ndogo, pale kijisanduku chenye alama ya kujumlisha. Ukibofya alama hiyo, jina linakunjuka na chini yake yanajitokeza majina mengine yaliyosogea kulia kidogo. Ukibofya tena, yanakunjwa na kurudi yalikotoka. Wanaprogramu hukiita kitu hicho mti. Mwaka 1985 programu ya XTree iliwaonyesha watumiaji wa DOS folda zao kwa matawi yaliyochorwa kwa alama za herufi tu. Mwaka 1991 kompyuta za Apple zikapata pembetatu ya kukunjua kupitia System 7, na Windows 95 ilipoingia sokoni Agosti 1995 ilikuja na mti uliokwisha kutengenezwa ndani ya mfumo wenyewe, ambao mwanaprogramu yeyote angeweza kuuweka kwenye dirisha lake kwa mistari michache ya msimbo. Tangu hapo mti umeenea kwenye barua pepe, kwenye mifumo ya uhasibu, kwenye ramani na kwenye orodha za bidhaa. Urahisi huo umekuwa na gharama yake, kwa kuwa kitu kikishakuwa chepesi kukiweka, watu huacha kujiuliza ni kitu gani hasa walichokiweka.

Hoja ninayoitetea hapa ni moja: mti wa kwenye skrini si mahali pa kuhifadhia kitu. Ni picha ya data zinazokaa kwingine. Kasoro nyingi zinazowasumbua watumiaji wa miti hiyo, kama kukawia kufunguka, kusahau mtumiaji alikuwa wapi au kuhifadhi tiki zisizo sahihi, huanzia pale mwanaprogramu anapoigeuza picha hiyo kuwa ghala. Msamiati wenyewe hausaidii. Katika kompyuta mzizi uko juu, matawi yanateremka, na majani yako chini kabisa. Kwa Mtanzania aliyezoea muundo wa Chama cha Mapinduzi (CCM), ambako shina ndilo la chini kabisa, likafuatwa na tawi, kata, wilaya, mkoa na taifa, mti wa kompyuta umesimamishwa kichwa chini miguu juu. Hilo halina madhara. Lenye madhara ni lile neno mti linalotufanya tudhani kwamba kilicho mbele ya macho kimeota pale pale, kina mizizi yake na uhai wake, na kwamba anayetaka kujua habari za tawi aliulize tawi lenyewe.

Hoja ya namna hii haieleweki bila mfano, na mfano ulio karibu ni utawala wa Tanzania Bara. Mikoa ni 26. Ndani yake kuna halmashauri 184, na ndani ya halmashauri kuna kata zinazokaribia 4,000. Kata zimegawanyika katika vijiji zaidi ya 12,000 kwa upande wa mashamba na mitaa zaidi ya 4,000 kwa upande wa miji, na vijiji navyo vina vitongoji zaidi ya 60,000. (Wilaya nimeiruka kwa makusudi, nitairudia.) Kila kituo kwenye mti, kuanzia mkoa hadi kitongoji, kinaitwa nodi, kilicho juu yake ni mzazi, vilivyo chini yake ni watoto. Mti wetu basi una nodi zaidi ya 80,000, na si mkubwa kupita kiasi. Mfumo wa pembejeo, wa afya au wa takwimu unaotaka mtumiaji achague kijiji lazima uwe nao kwa namna moja au nyingine.

Mwanaprogramu anayeanza huuandika mti huu kwa njia inayoonekana ya kawaida kabisa. Dirisha linapofunguka, anasoma mikoa yote kutoka kwenye hifadhidata. Kwa kila mkoa anasoma halmashauri zake, kwa kila halmashauri kata zake, akiteremka hivyo hadi kitongoji cha mwisho, na kwa kila jina anatengeneza nodi na kuibandika kwenye mti. Kwenye kompyuta yake, akiwa na mikoa miwili ya majaribio, dirisha linafunguka kufumba na kufumbua. Kwa data kamili linaganda. Kila nodi inabeba maandishi yake, picha yake, hali yake ya kukunjwa au kukunjuliwa, na viungo vyake kwa mzazi na ndugu. Kwenye ukurasa wa wavuti mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kila nodi inakuwa kipande cha ukurasa ambacho kivinjari lazima kikipime na kukipanga. Zipo dawa za kutuliza. Zana ya kutengeneza madirisha ya Windows Forms, kwa mfano, ina amri ya BeginUpdate inayouzuia mti usijichore upya kila nodi inapoongezwa. Amri hiyo inapunguza maumivu, lakini ugonjwa unabaki, kwa kuwa kosa liko katika kujaza mti mzima kwa ajili ya mtu ambaye hatauona mzima.

Atauona kiasi gani? Hesabu ni nyepesi. Kwa wastani mkoa una halmashauri 7, halmashauri ina kata 21, kata ina vijiji au mitaa 4, na kijiji kina vitongoji 5. Mtu anayetafuta kitongoji kimoja akianzia juu anakunjua mkoa mmoja, halmashauri moja, kata moja na kijiji kimoja. Majina yote atakayokuwa ameonyeshwa ni 26 na 7 na 21 na 4 na 5, yaani 63. Kumpakilia nodi 80,000 ili aone 63 ni sawa na kumletea shehena ya gunia mtu aliyetaka kibaba. Ndiyo maana zana zote kubwa za kutengeneza violesura zinampa mwanaprogramu nafasi ya kushtuliwa kabla tawi halijakunjuka, ili watoto wasomwe wakati huo tu: Windows Forms hutoa tukio la BeforeExpand, Java Swing inaye msikilizaji wa kazi hiyo hiyo, na Qt huiuliza modeli, yaani sehemu ya programu inayoshika data, kama kuna zaidi cha kuleta, kisha huiagiza ikilete.

Hapa ndipo mti uliofanywa ghala unapojiumbua. Ili alama ya kukunjua ionekane mbele ya jina la mkoa, mti unaohifadhi vitu ndani yake unataka kuwa na mtoto hata mmoja. Lakini tumesema watoto hawatasomwa hadi mtumiaji abofye, na hawezi kubofya alama isiyokuwepo. Wanaprogramu wengi wametoka kwenye mtego huu kwa hila: wanaweka mtoto bandia chini ya kila mkoa, pengine akiwa na maandishi "Inapakia...", kisha mkoa ukikunjuliwa wanamfuta huyo bandia na kuwaweka watoto halisi. Hila hiyo inafanya kazi, na sina nia ya kumcheka anayeitumia. Lakini itazame vizuri: mwanaprogramu amelazimika kuuongopea mti wake kwa sababu mti unakataa kuchora jambo ambalo haulimiliki. Penye modeli iliyotengwa swali huulizwa waziwazi. "Una watoto?" ni swali moja, "ni wangapi?" ni la pili, na "nipe wa tatu" ni la tatu. La kwanza ni la bei nafuu. Hifadhidata huweza kulijibu mara tu inapokutana na kata moja, bila kuhesabu zilizobaki.

Kasi ndiyo kasoro inayosemwa sana, lakini kwa maoni yangu si ndiyo mbaya zaidi. Mbaya zaidi ni kupoteza utambulisho. Chukua kitufe cha kuonyesha upya. Njia ya mkato ni kufuta nodi zote na kujaza mti tena kutoka mwanzo. Mtumiaji aliyekuwa amekunjua matawi matano na kufika kwenye kijiji fulani anajikuta amerudishwa kwenye mikoa 26 iliyokunjwa, kama msafiri aliyeshushwa njiani na kuambiwa aanze safari upya. Tiba inayojulikana ni kukumbuka matawi yaliyokuwa wazi kabla ya kufuta, kisha kuyafungua tena. Kuyakumbuka kwa nini lakini? Kwa nafasi zao? "Mkoa wa kumi na nne, halmashauri ya tatu" ni anwani inayokufa siku mkoa mpya unapoingia kwenye orodha ya alfabeti. Kwa majina? Majengo ni kata Moshi na ni kata Dodoma. Kwa njia nzima kutoka mzizini, basi, mkoa kisha halmashauri kisha kata? Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Mbeya, na Ileje, Mbozi na Momba zikahamia kwa mzazi mpya. Programu iliyokuwa inaitambua Ileje kama "Mbeya, Ileje" iliamka siku hiyo ikiwa na Ileje isiyokuwepo na nyingine isiyoifahamu. Zaidi ya hayo, ndani ya Mkoa wa Songwe kuna Wilaya ya Songwe, kwa hiyo jina moja linasimama kama mzazi na kama mtoto wa huyo huyo. Kinachobaki ni kitambulisho ambacho data zenyewe zimempa kila mmoja, namba au msimbo usiobadilika anapohama wala anapobadilishwa jina. Kitambulisho hicho hakitoki kwenye skrini, wala skrini haina namna ya kukibuni.

Tuje kwenye tiki, ambayo nimeipa makala haya kichwa chake. Mara nyingi mti huwekewa visanduku vya kutia tiki ili mtumiaji achague sehemu nyingi kwa pamoja. Tuseme ofisa anataka ujumbe wa tahadhari ya mvua uende Lindi yote. Anatia tiki kwenye jina la Lindi bila kulikunjua, kwa kuwa hana sababu ya kulikunjua, kisha anabofya "Hifadhi". Msimbo wa kuhifadhi unazunguka kwenye mti wa skrini, unakusanya kila kata yenye tiki, na unapeleka orodha kwenye hifadhidata. Orodha hiyo ni tupu. Mti unapakia watoto pale tu wanapokunjuliwa, Lindi haikukunjuliwa, kwa hiyo kwa macho ya msimbo Lindi haina kata hata moja. Hali ya hatari zaidi ni pale ofisa alipokuwa amechungulia Kilwa tu kabla ya kutia tiki: kata za Kilwa zitahifadhiwa, za Nachingwea na Liwale hazitahifadhiwa, na skrini itaendelea kuonyesha tiki kubwa mbele ya Lindi nzima. Mwanaprogramu aliyebanwa na kasoro hii huenda akaamua kupakia kila kitu mwanzoni, akairudisha ile foleni ya nodi 80,000 aliyoikimbia. Mambo mawili aliyoyafanya vizuri, kupakia kwa uvivu (yaani kuwasoma watoto pale tu wanapohitajika) na kuruhusu tiki, yanagongana, na yanagongana kwa sababu yote mawili yanategemea skrini ijibu swali lisiloihusu.

Kwenye data swali hilo lina jibu fupi. Kinachohifadhiwa ni uamuzi wa mtumiaji kama alivyoutoa: Lindi, yote. Akiiondolea Kilwa tiki, kinachohifadhiwa ni Lindi yote isipokuwa Kilwa. Kile kisanduku cha hali ya tatu, kisichokuwa na tiki kamili wala kuwa kitupu, hakihifadhiwi popote. Kinakokotolewa kila kinapochorwa, kwa kuuliza kama chini ya nodi hii kuna waliochaguliwa na kama kuna walioachwa. Kwa njia hiyo unatoweka pia ule mzunguko unaowatoa jasho wanaoanza, ambapo tiki ya mzazi inawatia tiki watoto, tukio la kila mtoto linamsahihisha mzazi, na tukio la mzazi linawarudia watoto. Lipo na swali lingine ambalo mti wa skrini hauwezi hata kuliuliza. Kata mpya ikianzishwa Lindi mwakani, je, imo kwenye "Lindi yote" au haimo? Orodha ya kata zilizokuwa na tiki siku ile inasema haimo. Uamuzi uliohifadhiwa kama uamuzi unasema imo. Lipi ni sahihi ni suala la kazi yenyewe, la kujadiliwa na wenye kazi, lakini anayesoma tiki kutoka kwenye skrini ameshaamua bila kujua kwamba ameamua.

Wazo la kutenganisha data na sura yake si geni. Trygve Reenskaug, mtaalamu wa kompyuta kutoka Norway, aliliweka kwenye maandishi mwaka 1979 alipokuwa akifanya kazi na kikundi cha Smalltalk huko Xerox PARC, California: modeli ishike maarifa, mwonekano uyaonyeshe, na kidhibiti kipokee matendo ya mtumiaji. Mti ulikuwa mmoja wa vitu vilivyolihitaji zaidi wazo hilo. Java Swing, iliyoingia rasmi na toleo la 1.2 mwaka 1998, iliupa mti modeli inayojibu maswali machache tu: mzizi ni nani, huyu ana watoto wangapi, mtoto wake wa nafasi fulani ni nani, na je, huyu ni jani? Zana ya GTK ilifuata mwaka 2002, Qt mwaka 2005. Hata ule mti wa Windows 95, ambao ndio uliowazoesha wengi kuweka vitu ndani ya skrini, uliacha mlango wazi: nodi inaweza kuwekwa bila maandishi, na mfumo ukayaulizia pale tu nodi inapotaka kuchorwa. Watengenezaji waliotofautiana karibu kwa kila jambo wamekutana kwenye hili, na naamini hawakukutana kwa kuigana tu. Yaelekea kila mmoja alisukumwa na malalamiko ya aina hizi hizi.

Wenye uzoefu wataniambia kwamba modeli hizo ni mateso kuziandika, na hapo wana haki. Modeli ya Qt inamtaka mwanaprogramu amjue mtoto kutoka kwa mzazi na mzazi kutoka kwa mtoto kwa kupitia faharasa zinazochakaa kila data zinapobadilika, na kosa dogo huangusha programu nzima. Mti wa zamani wa GTK ulikuwa mzito kiasi kwamba wenyewe walioutengeneza wameutangaza kuwa usitumike tena kwenye kazi mpya, kuanzia toleo la 4.10 la mwaka 2023. Je, hilo si ushahidi dhidi yangu? Ingekuwa hivyo kama GTK ingerudi kwenye kuhifadhi vitu ndani ya skrini. Haikurudi. Mahali pa mti ule wameweka orodha ya kawaida, na modeli ndogo inayochukua mpangilio wa wazazi na watoto na kuulaza chini kuwa safu moja ya mistari inayoonekana. Kilichotupwa ni ugumu, utengano umezidi. Ukitafakari, njia hiyo inasema ukweli kuhusu tunachokiona: mti wa skrini ni orodha, na usogeaji wa kulia ni nafasi tupu iliyowekwa mbele ya jina. Kukunjua ni kuingiza mistari kwenye orodha, kukunja ni kuiondoa, na mistari inayochorwa ni ile thelathini au arobaini inayoenea kwenye dirisha. Mwenye kuliona hivyo haogopi tena mti wa nodi laki moja.

Wapo wasiouona mti kabisa. Asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti, na sikio halitambui usogeaji wa kulia. Kanuni za WAI-ARIA, zilizopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2014, zinataka kila nodi itangaze kama imekunjuliwa, iko ngazi ya ngapi, ni ya ngapi kati ya ndugu zake, na ndugu hao ni wangapi. Msikilizaji anapaswa kusikia kwamba Ruangwa imekunjwa, ngazi ya pili, na nafasi yake kati ya halmashauri za mkoa. Sasa, kama ukurasa umechora mistari arobaini tu, kivinjari hakiwezi kujua ndugu wote ni wangapi. Anayejua ni modeli, nayo lazima iseme. Vitufe vina desturi zake pia. Mshale wa kulia unakunjua tawi lililokunjwa, na ukibonyezwa tena unashuka kwa mtoto wa kwanza. Wa kushoto unakunja tawi lililo wazi, na ukibonyezwa tena unapanda kwa mzazi. Miti mingi ya kujitengenezea kwenye wavuti huisahau desturi hii, na anayeumia ni yule asiyeweza kushika kipanya.

Pingamizi la udogo linastahili heshima. Mti wa menyu yenye vipengele kumi na viwili usiobadilika hauhitaji modeli, matukio wala uvivu wa kupakia. Ujaze mara moja uende zako. Kuujengea jengo la ghorofa ni kujitafutia kazi. Kipimo changu ni kimoja, nacho hakihusu ukubwa: je, kuna chochote kitakachosomwa kutoka kwenye mti huu na kurudi kwenye hifadhidata? Kama hakuna, fanya upendavyo. Kama kipo, hata nodi kumi na mbili zinatosha kuleta madhara. Wale wanaosema kumbukumbu za kompyuta siku hizi ni nyingi na bei rahisi wanajibiwa kwa kipimo hicho hicho, kwani kumbukumbu hata ziwe nyingi kiasi gani haziwezi kuirudisha Ileje kwa mzazi wake sahihi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mti wenyewe umepitwa na wakati: mtu anaandika herufi tatu za jina la kijiji chake na kisanduku cha kutafutia kinamletea, na simu ya mkononi haina upana wa kusogeza majina kulia mara tano. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Orodha ya kukunjua iliyokuja na Android tangu mwanzo iliishia ngazi mbili, na hakuna aliyelia. Lakini kutafuta kunamfaa anayejua jina. Ofisa anayetaka kuona halmashauri zipi za Kigoma hazijaleta taarifa hana jina la kuandika. Na huyu anayetafuta Majengo ataletewa Majengo nyingi, zisizotofautishwa na kitu isipokuwa wazazi wao. Kwenye simu mpangilio ule ule unaweza kuonyeshwa ngazi moja kwa kila skrini, mkoa ukibofywa unafungua ukurasa wa halmashauri zake. Mwenye data zilizojitenga na sura anabadilisha sura tu. Aliyezificha ndani ya mti anaandika programu upya.

Na hapa nairudia wilaya. Niliiruka kwa sababu haikai sawasawa kwenye mti ule. Wilaya ni ngazi ya serikali kuu, halmashauri ni ya serikali za mitaa, na wilaya moja inaweza kuwa na halmashauri mbili ndani yake. Kata hiyo hiyo imo kwenye tarafa chini ya wilaya, imo kwenye halmashauri, na imo kwenye jimbo la uchaguzi. Ni kata moja yenye wazazi watatu, kila mmoja kwa shughuli yake. Anayeamini kwamba mti wa skrini ndio ukweli atalazimika kuchagua mmoja na kuwakana wengine, au kuinakili kata mara tatu na kuziacha nakala zipishane siku jina likibadilishwa. Hifadhidata haina shida hiyo: inahifadhi kata mara moja, pamoja na uhusiano wake na kila mmoja wa wazazi hao, na tume ya uchaguzi, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri kila mmoja anachorewa mti wake.

Msomaji mwenye programu iliyo na mti ndani yake, ya kwako au uliyoinunua, ifanyie jaribio dogo. Tia tiki kwenye mkoa mmoja, au chochote kilicho juu kabisa, bila kukikunjua. Hifadhi, funga dirisha, lifungue tena, kisha kunjua hadi chini na uhesabu tiki ulizozikuta. Zikipungua, mwite aliyeitengeneza na umwombe akuonyeshe mstari wa msimbo unaosoma tiki, kabla hujamruhusu aongeze kitu kingine chochote.